Taa Ikizima, Inaangukia kwa Nani?

Kila mkesha wa mwaka mpya ni ile ile. Saa sita kasoro dakika chache, watu wote wa ploti wako nje kwenye balkoni. Watoto wamekataa kulala. Ngoma za kanisa la chini zinagongana na spika za baa ya ng'ambo. Halafu mtu anapiga nduru: "Cheki kule!" Na kweli, kule juu ya mabati, taa saba au nane za rangi ya machungwa zinapanda polepole. Hazina mlio. Zinafuatana kama watu wanaojua wanakoenda. Simu zinatolewa, na kabla ya saa sita na nusu hakuna statasi isiyo na video hiyo. Mmoja anasema ni viumbe wa sayari nyingine. Mwingine anasema ni serikali inatupeleleza. Mama wa nyumba namba kumi na mbili anasema Bwana Yesu anarudi, na sisi tuko hapa na chupa mkononi.

Asubuhi tunaamka na hangova, na hakuna hata mmoja anayeuliza zile taa zilienda wapi.

Mimi nataka tuulize. "Ni nini ile?" ni swali rahisi, na jibu lake linauzwa mtandaoni kwa bei ya sahani ya nyama choma. Ni mfuko wa karatasi nyembamba uliofunguka kwa chini. Kwenye mdomo wake kuna duara la waya au mwanzi, na katikati ya duara kuna kipande cha kitambaa au karatasi nzito iliyoloweshwa nta. Unawasha ile nta, hewa iliyo ndani inapata joto, inakuwa nyepesi kuliko hewa ya nje, na mfuko unapaa. Basi. Hauna usukani, hauna breki. Unaenda unakopelekwa na upepo mpaka nta iishe, dakika kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana zinaonekana kufuatana: zimebebwa na upepo mmoja. Ndiyo maana zinapotea ghafla: mafuta yameisha. Hakuna aliyekuja kutoka sayari yoyote. Ni watu wa birthday, kwenye paa la ghorofa, mitaa mitatu kutoka kwako.

Si kila taa ya angani ni hiyo, na nisionekane najua kila kitu. Ukiona vidoti vyeupe vimepangana kwa mstari mmoja kama shanga, jioni jua likishazama au alfajiri kabla halijachomoza, hizo ni setilaiti za Starlink ambazo zimerushwa siku chache zilizopita. Ukiona taa nyekundu na ya kijani zikiwa pamoja na nyingine inayopepesa, hiyo ni ndege. Ile nyota kubwa ya jioni ambayo kila mwaka kuna mtu anairekodi akitetemeka ni sayari ya Zuhura, imekuwa pale tangu kabla ya babu ya babu yako. Na mwaka 2020, maputo ya Loon, kampuni ndugu ya Google, yalikuwa juu ya nchi hii kama kilomita 20 kutoka ardhini, yakituletea intaneti ya Telkom. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Yaani anga yetu imejaa vitu vya watu.

Lakini tunaiangalia kama wageni. Kitu kikipaa, tunashangaa. Kikishuka, hatupo.

Mara moja tu, katika miaka ya karibuni, nimeona Wakenya wakiuliza swali linalofaa. Tarehe 30 Disemba 2024, mchana kweupe, duara la chuma lilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake kama mita 2.5, uzito wake kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Siku hizo mtandao wote wa Kenya ulikuwa na swali moja: ni ya nani hii, na nani atalipa? Wasee walikuwa washahesabu fidia ya kijiji kizima kabla chuma hakijapoa. Tulicheka, lakini lilikuwa swali la watu wenye akili. Na lina jibu. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba chombo cha anga kikianguka na kuleta hasara juu ya ardhi, nchi iliyokirusha inalipa, hata kama haikufanya uzembe wowote. Ulirusha, ni yako. Ikishuka bado ni yako.

Sasa linganisha na ile taa ya karatasi. Roketi ya mabilioni ina mwenyewe mbele ya sheria. Moto wa shilingi mia kadhaa, unaoelea juu ya mji wa mamilioni ya watu, hauna mwenyewe dakika moja baada ya kuachiliwa. Aliyeurusha ashashuka chini kukata keki.

Najua utaniambia naongeza chumvi. Karatasi tu, buda. Basi nikupe hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya Smethwick, Uingereza, usiku wa tarehe 30 Juni 2013. Taa moja ya karatasi ilishukia kwenye yadi ya plastiki na karatasi zilizosubiri kutumika upya, kama tani 100,000. Kamera za ulinzi ziliinasa ikishuka. Zaidi ya wazimamoto 200 waliitwa, na moshi wake ulionekana mbali. Nchi yenye magari ya zimamoto, yenye maji kwenye mifereji ya barabarani, yenye kamera kila kona. Taa moja.

Ya pili ni ya Krefeld, Ujerumani, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2020. Taa ya karatasi ilishukia kwenye paa la nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya mji huo. Zaidi ya wanyama 30 walikufa, wakiwemo orangutani, sokwe na gorila. Katika jimbo hilo taa hizi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 2009. Waliozirusha walikuwa mama mmoja na binti zake wawili waliokuwa wamezinunua kwenye intaneti, wakidhani ni kitu halali. Waliposikia habari, walienda polisi wenyewe.

Shika hiyo ya mwisho. Walienda wenyewe. Nitairudia.

Sasa tuje nyumbani. Fanya hesabu ya darasa la sita. Upepo wa kawaida, kilomita 20 kwa saa. Taa inakaa hewani dakika kumi. Inasafiri zaidi ya kilomita tatu. Ndani ya kilomita tatu kutoka Kilimani kuna Kibera. Kutoka South B kuna Mukuru. Kutoka Muthaiga kuna Mathare. Na mwezi wa Disemba na Januari, wakati wa hizi sherehe zetu, upepo wa huku kwa kawaida hutoka kaskazini mashariki. Simama kwenye paa la Kilimani, uuachie mgongo wako huo upepo, kisha uangalie mbele yako. Utaona mabati.

Sihitaji kukueleza nyumba za mabati kama umewahi kuishi ndani ya moja. Chini ya bati kuna mbao, juu ya mbao kuna karatasi za nailoni za kuzuia maji, ndani kuna mtungi wa gesi, na ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Njia ni ya mtu mmoja kupita akiwa ubavu ubavu, na gari la zimamoto si mtu. Wakati wa kiangazi mtungi wa maji unanunuliwa, na moto haungoji urudishiwe chenji. Sisemi hizi taa ndizo zinazochoma mitaa ya Nairobi. Mitaa inaungua kwa sababu ya nyaya za umeme wa kuunganisha, gesi, mishumaa, jiko lililosahaulika, na mara nyingine kwa sababu ya watu wanaotaka ploti. Ninachosema ni kwamba watu hawa wana moto wa kutosha. Hawakuomba mwingine kutoka juu.

Na pwani ni hivyo hivyo. Mwisho wa mwaka Nairobi nzima inahamia Kilifi, Diani na Lamu. Kaskazi inavuma, makuti yamekauka mpaka yanalia yakiguswa, na mtu aliyetoka huku na basi la usiku anaona ni wazo zuri kuachilia moto hewani akiwa ufukweni. Muulize mzee yeyote wa Lamu moto wa makuti unaenda kasi gani. Atakuangalia kwanza aone kama unamtania.

Nimetumia neno "mtu" kana kwamba ninazungumza juu ya mwingine. Wacha niwe mkweli. Nilirusha mimi pia.

Nilikuwa mwaka wa pili, bado niko chuo. Rafiki yetu mmoja wa darasa alifariki wakati wa likizo ndefu. Kwao ni mbali, na wengi wetu hatukufika mazishi kwa sababu ya nauli. Tuliporudi chuo tulihisi tuna deni. Mtu akaleta wazo la taa, tukachanga mia mia kwenye simu, tukaagiza kumi. Tukaandika jina lake kwenye kila moja kwa kalamu nene. Usiku tukasimama uwanjani nyuma ya hosteli, tukaomba, tukaziwasha. Nisidanganye hapa: sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Zilipanda kumi zote, zikapita juu ya ukuta wa chuo, na wavulana ambao sijawahi kuwaona wakilia walilia. Msichana mmoja alisema, "Sasa amefika." Sote tukaamini. Tukarudi vyumbani tukiwa wepesi.

Asubuhi, mama aliyekuwa anauza mandazi na chai nje ya ukuta alikuja mpaka langoni akiuliza viongozi wa wanafunzi. Mkononi alikuwa na duara la waya na kipande cha karatasi kilichoungua pembeni. Ilikuwa imeshukia kwenye kibanda chake. Turubai ilikuwa na tundu ungepitisha sufuria, na gunia la makaa lilikuwa pale chini, hatua mbili. Bahati yake, au yetu, umande ulikuwa umelowesha kila kitu. Hakuwa amekasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alitunyoshea ile karatasi.

"Vijana, hii ni yenu?"

Tulikuwa wanne. Tuliangaliana.

"Zi, mathe. Si yetu."

Akaangalia ile karatasi tena. Jina lilikuwa bado linasomeka, nusu yake. Akalisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita rejista. "Na huyu ni nani? Mnamjua?"

Tukasema hatumjui.

Nimeandika mambo mengi tangu siku ile, na niliacha chuo kwa sababu zangu nyingine, lakini sijawahi kupata njia ya kuizunguka hiyo sentensi. Usiku tulimlilia kwa sababu tulimpenda. Asubuhi tulimkana kwa sababu ya turubai ya shilingi mia nane. Na mwanamke aliyeuliza ndiye aliyekuwa anatukopesha chai mwisho wa mwezi. Wale wanawake watatu wa Krefeld walienda polisi kwa miguu yao, wakijua nchi nzima inawatafuta. Sisi hatukuweza kusema "pole, mama" na kuchanga mia mia mara ya pili.

Ndiyo maana sikubali mtu anapoita taa hizi kumbukumbu. Nimekuwa ndani ya hiyo kumbukumbu, na najua inavyofanya kazi. Inakupa hisia ya kwamba umefanya jambo kwa ajili ya marehemu, halafu inabeba jambo lenyewe mbali na macho yako kabla halijawa na gharama. Uzuri wote unabaki uwanjani. Gharama inaenda kwa mtu wa upande wa pili wa ukuta, na yeye hakumjua marehemu.

Kuna majibu matatu ambayo huwa napewa nikisema haya.

La kwanza: "Pakiti imeandikwa inaoza yenyewe, haichafui mazingira." Sawa. Nyumba ya mbao pia huoza yenyewe, lakini hatuichomi kwa sababu hiyo. Halafu waya hauozi leo wala kesho. Unaangukia kwenye nyasi, mbuzi wa mtaa anaula au ng'ombe wa mtu wa Kitengela anaula, na daktari wa mifugo hana habari ya birthday yako.

La pili: "Mbona Thailand wanarusha maelfu?" Wanarusha, ndiyo, na sherehe yao ya Yi Peng kule Chiang Mai ni ya dini na ya zamani. Ni usiku wa mwezi mpevu, mwezi Novemba, na kwa sababu yake safari za ndege huahirishwa au kufutwa, na kurusha kuna saa zake na vibali vyake. Yaani mji mzima unasimama kwa sababu unajua moto uko hewani. Sisi tulichukua picha tu. Tuliacha kibali, tuliacha saa, tuliacha uwanja wa ndege uliopewa taarifa. Hata Brazil, ambako maputo ya moto ni mila ya sherehe za Juni, sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuyatengeneza, kuyauza na kuyarusha kuwa kosa la jinai kama yanaweza kuwasha moto. Waliipenda mila yao na bado wakaiambia inatosha.

La tatu ndilo linalouma: "Wacha watu wafurahi. Nyinyi wanaharakati mnataka maskini waishi bila kitu kizuri." Nimelifikiria sana hili, kwa sababu mtoto wa kwenye balkoni yetu kweli alifurahi. Lakini angalia nani anaandaa hiyo furaha na nani anaipokea ikiwa imekufa. Mtu wa paa la ghorofa anapata dakika za mwangaza na video. Mtu wa mabati anapata video hiyo hiyo, kwa bando lake mwenyewe, na pia anapata waya. Kama huo ni mgao wa uzuri, basi ni mgao ule tunaoujua wa maji na umeme.

Na usiniambie Kenya haiwezi kupiga kitu marufuku. Agosti 2017 tuliamka siku moja na mfuko wa plastiki ukawa kosa la hadi miaka minne jela au faini ya hadi milioni nne. Mama mboga alibadilika. Supamaketi zikabadilika. Ukitaka kurusha droni yenye uzito wa chupa ya soda, mamlaka ya usafiri wa anga inataka ujisajili na uwe na kibali. Hatushindwi na sheria. Tunashindwa kuona kwamba kitu kizuri kinaweza kuwa na mtu chini yake.

Mpaka sheria ije, nina ombi moja dogo, na halihitaji bunge. Kama kweli unaamini taa yako ni salama, usiandike jina la marehemu wala "Heri ya Mwaka Mpya" juu yake. Andika jina lako, majina yote matatu kama kwenye kitambulisho, na namba yako ya simu. Halafu iwashe uiachilie. Ikiwa mkono wako utasita hapo, hata kidogo, basi ulikuwa unajua tangu mwanzo.

Na ikiwa una mtu wa kumkumbuka, nunua mshumaa. Jiko lina mwenyewe, mshumaa una mwenyewe, kwa sababu yuko pale. Uweke kwenye sahani, ukae nao, muongee habari za yule aliyeenda mpaka nta iishe. Itachukua saa nyingi kuliko ile taa, na haitapendeza kwenye video. Lakini asubuhi mtu akija kuuliza kama ni wako, utasema ndiyo. Na akiuliza yule alikuwa nani, utamwambia.

Jina lake tuliliandika mara kumi. Sijui zile nyingine tisa zilishukia kwa nani.